Majoho ya Damu ya Mzee

Jua la alasiri ndilo lililomuumbua Fundi. Kama lingejificha kidogo nyuma ya mawingu, au kama kwaya ingemaliza mazoezi nusu saa mapema, majoho yale kumi na manne yangevaliwa, yangesifiwa na kurudishwa kabatini bila mtu kusema neno. Lakini Jumamosi hiyo madirisha ya upande wa magharibi yalikuwa wazi yote kwa sababu ya joto. Mwanga uliingia taratibu, ukapanda mabenchi moja baada ya jingine, hadi ukawafikia waimbaji waliokuwa wamejipanga kwenye ngazi za mbele.

Fundi alikuwa amekaa benchi la mwisho kabisa, mahali alipopenda kukaa ili watu waone kwamba hapendi kukaa mbele. Macho alikuwa ameyafumba nusu. Kwaya iliimba polepole, sauti ya kwanza ikipanda na ya nne ikinguruma chini yake, na yeye akawa anaelea hapo katikati, si macho wala si usingizini, akiiangalia ile mahameli ya rangi ya damu ya mzee ikitembea mbele yake kama maji mazito. Alifikiri, wala hakujionea haya, kwamba mbinguni watu watakuwa wanavaa kitu cha namna hii, na kwamba huenda siku moja ataulizwa habari za mshono.

Alipofumbua macho sawasawa, majoho yalikuwa na rangi mbili.

Alifikicha macho. Rangi zikabaki mbili. Mwimbaji mmoja alikuwa na kifua chenye wekundu mzito unaokaribia weusi, na mkono wa kushoto uliopauka kama umefuliwa kwa sabuni mbaya. Jirani yake alikuwa kinyume chake. Walipogeuka kumtazama mwalimu wao, rangi nazo ziligeuka, palipokuwa peusi pakang'aa na palipong'aa pakafifia. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, kusema kweli, mradi usiwe wewe uliyelifanya.

Fundi alielewa mara moja. Mahameli ina manyoya, na manyoya hayo yamelala upande mmoja. Mtoto aliyekaa wiki mbili tu kwenye kibanda cha fundi anajua kwamba vipande vyote hukatwa vikielekea upande ule ule. Ukivilaza mzungu wa nne, kichwa cha hiki kwenye miguu ya kile, unaokoa kitambaa kingi, lakini mwanga utakuja kukusema. Muuza vitambaa alikuwa ameiambia kamati kwamba jora lile litatoa majoho kumi na mawili. Fundi akasema yatatoka kumi na manne, akaongeza kwamba yeye hana haja ya sifa, sifa ni za Mungu.

Mwalimu wa kwaya akanyanyua mkono, wimbo ukakatika. "Fundi, hivi tulinunua vitambaa viwili?"

Mwenyekiti wa akina mama, ambaye zamani alikuwa mkuu wa shule na bado alitembea kama anakagua mistari ya wanafunzi, alipanda ngazi, akavaa miwani, akamshika binti mmoja begani na kumgeuza huku na huku.

"Nani alikata haya?" akauliza.

Fundi aliinuka. Alikunja mikono mbele ya tumbo, akainamisha kichwa. Hakuwa amepanga kusema uongo. Maneno yalimtoka yenyewe, laini, yakiwa tayari yamevaa nguo za Jumapili.

"Wapendwa," alisema, "nyumbani kwangu kazi hii tunaifanya wawili. Mwenzangu ni binadamu, na mikono ya binadamu huteleza. Lakini kichwa cha nyumba ni mimi. Nawaomba mnilaumu mimi, msimlaumu yeye."

Mama mmoja wa sauti ya pili alitikisa kichwa, akamnong'oneza mwenzake kwamba wanaume wa namna hii wamebaki wa kuhesabu. Mwalimu wa kwaya alishuka akamshika Fundi bega. "Usijali, mzee wetu. Tutaona la kufanya." Na Fundi alisikia joto zuri likimpanda kifuani, akaliacha lipande.

Mwimbaji mmoja tu ndiye aliyekuwa anamtazama bila huruma. Ni yule binti aliyegeuzwageuzwa na Mwenyekiti. Alikuwa binti yake mwenyewe, wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda.

*

Kitinda alitembea hatua kumi mbele ya baba yake njia nzima. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao alisimama, akamngoja.

"Baba, siku ulipokata, mama alikuwa hospitali kwa mama mkubwa."

"Najua."

"Alikaa siku tatu."

"Najua, mwanangu."

"Basi," akasema Kitinda, akatangulia tena.

Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Palikuwa na cherehani mbili zinazotazamana, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kioo cha wateja kilichopasuka pembeni. Mkewe alikuwa anapinda sketi ya shule. Wasichana wanane aliowafundisha kushona kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa walimpa jina la Mama Pindo, kwa sababu pindo lake halikuonekana nje hata ukilitafuta kwa tochi, na jina lile alilipenda kuliko alivyokubali. Wasichana hao walikuwa wamemaliza shule na kukosa pa kwenda. Wiki nzima alikuwa mke wa Fundi. Jumamosi, kuanzia saa tatu mpaka saa sita, alikuwa yeye.

"Yamependeza?" akauliza bila kuinua macho.

"Yana tatizo kidogo. Mwanga."

Cherehani ilinyamaza. "Si nilikuuliza? Nilikwambia, baba, hiki kinapanda na hiki kinashuka. Ukasema nishone tu."

"Ulisema."

"Sasa umewaambiaje?"

Fundi alivua koti lake, akalitundika, akalinyoosha mabega ingawa lilikuwa limenyooka. "Nimewaambia wanilaumu mimi."

Uso wa mkewe ulifunguka. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na alikuwa hajawahi kumsikia mume wake akikiri hata kupoteza kifungo. "Umefanya vizuri," alisema kwa sauti ya chini, akaenda kumpashia maji ya kuoga. Kitinda, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka nje akaketi kwenye kizingiti mpaka wakati wa kula.

*

Mwenyekiti alikuja Jumatatu asubuhi na mkoba wake kwapani. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, mkewe kwenye yake. Mgeni akakaribishwa kiti cha wateja.

"Mama Pindo, sikuja kwa ubaya," alianza. "Hakuna anayekulaumu. Mumeo alikutetea vizuri mno, watu wengine walitokwa na machozi. Lakini kamati imeona wale mabinti wanahitaji mtu anayejua kukata. Wewe pumzika kidogo. Kuna msichana mmoja ana cheti, tutampa darasa."

Mama Pindo aligeuza kichwa polepole, akamtazama mumewe. Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari.

Hapo Mama Pindo angeweza kusema. Angesema maneno matano tu, na Mwenyekiti angebeba mkoba wake na kumhamishia Fundi macho yale ya kukagua mistari. Lakini alikuwa mwanamke asiyeanika nguo za ndani mbele ya mgeni. Alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari la mahudhurio ya wasichana wake, akafuta jalada kwa kiganja na kumkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

"Yule wa mwisho kwenye orodha ana mkono mzito," alisema. "Asigombezwe. Akigombezwa analia, halafu haji tena."

"Nitamwambia mwalimu mpya."

Mgeni aliondoka. Vumbi la uzi lilielea kwenye mwanga wa mlangoni, likapanda, likashuka.

"Kumbe nilitetewa," alisema Mama Pindo.

Fundi alifungua mdomo.

"Pinda hiyo suruali, mteja anakuja saa nne," akasema mkewe, na cherehani yake ikaanza tena.

Hakumnunia. Angemnunia ingekuwa nafuu. Alimwambia chakula tayari, alimwambia mteja amefika, alimwambia pasi ina moto. Siku nne alimwambia kila kitu kilichohitajika wala hakuongeza neno. Fundi akaanza kutembea ndani ya nyumba yake kama mtu aliyemo ndotoni, anaona vyombo ni vyake, kuta ni zake, lakini hapajui pa kukaa.

*

Alhamisi ilikuwa zamu yake kufundisha Neno kanisani. Somo, lililopangwa tangu mwanzo wa mwaka, lilikuwa unyenyekevu katika maisha ya kila siku. Fundi alikuwa na somo hilo mfukoni siku zote. Angeweza kulifundisha amelala.

Aliwaambia kuhusu Bwana aliyejifunga taulo kiunoni akawaosha wafuasi wake miguu. Mahali hapo sauti yake huwa inashuka, na akina mama huwa wanashusha pumzi. Lakini jioni hiyo jua lilikuwa chini, chumba kilikuwa na rangi ya chai, na mkewe alikuwa amekaa benchi la tatu, mikono mapajani, akimtazama bila hasira, kama mtu anavyolitazama doa akijiuliza litatoka au halitoki. Fundi akapotelewa na maneno. Aliliona beseni. Aliyaona maji yanavyocheza. Akajiona yeye mwenyewe amekaa kwenye kiti kizuri, amenyoosha mguu bila haya, anamwelekeza mwoshaji pa kusugua.

"Endelea, mzee," mtu akamwambia kwa upole.

Aliendelea, lakini alichosema baadaye hakukikumbuka, na wasikilizaji walisema somo la siku ile lilikuwa na kina kuliko yote.

*

Basi Fundi akaamua kutubu. Na kwa kuwa alikuwa fundi, hakutaka kutubu ovyo. Jumamosi nzima, wateja walipotoka, alisimama mbele ya kioo kilichopasuka na kujaribu. Aliondoa neno hapa, akaongeza pale. Akaona ni bora aseme "mimi" mwanzoni na "neema" mwishoni.

Jumapili, wakati wa matangazo, alimwomba mchungaji nafasi. Alisimama mbele, si benchi la mwisho.

"Mimi ndiye niliyekata majoho," alisema. "Mke wangu hakuwepo hata nyumbani. Alikuwa anamuuguza dada yake. Aliporudi aliliona kosa, akanionya, nikamnyamazisha. Kisha nikaja hapa, mbele zenu na mbele za Mungu, nikamtupia yeye. Mimi ni mzee wa kanisa hili, na nimekuwa mdogo kuliko mtoto. Kilichobaki ni neema."

Machozi aliyokuwa ameyangoja yakaja kwa wakati wake. Mtu akaanza kupiga makofi, na makofi yakajaa paa. Mchungaji alimkumbatia, akageukia watu: "Ndugu zangu, mmeuona unyenyekevu kwa macho." Baada ya ibada watu walipanga foleni kumshika mkono. Mzee mmoja alimwambia amehubiri kuliko mahubiri yenyewe. Mwalimu wa kwaya alisema kosa la kitambaa si kitu, la maana ni moyo. Fundi alikuwa mwepesi, miguu yake haikugusa sakafu vizuri. Alielea kutoka mkono hadi mkono, akijiambia kwamba kumbe ni rahisi namna hii.

Mkewe alikuwa anamngoja karibu na geti, mkoba begani, juani. Watu walimpita. Mmoja tu ndiye aliyesimama, akamwambia, "Una bahati ya mume, mama," akaenda zake.

*

"Umesema vizuri," alisema Mama Pindo walipofika nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye meza ya kukatia, viatu amevua, anasugua kisigino. Kitinda alikuwa chumbani anabadili nguo, na mlango haukufungwa.

"Nimesema kweli."

"Kweli umesema. Jumamosi ile hukusema kweli, ukasifiwa. Leo umesema kweli, ukasifiwa." Alihamia kisigino cha pili. "Darasa langu liko wapi?"

Fundi alisimama na kofia mkononi. Ule wepesi wote ulimtoka.

"Nitakwenda kuongea na Mwenyekiti."

"Nimeongea naye mwenyewe pale getini, wakati unashikwa mikono. Anasema jambo limekwisha, tusonge mbele. Ila darasa, anasema, bado linataka mtu anayejua kukata. Nikamwambia ukweli, sijawahi. Mimi nimewahi kukata nini, baba?"

Mwaka wa kwanza wa ndoa Fundi aliwahi kumkuta ameshika mkasi juu ya kipande cha kanga, akamnyang'anya huku anacheka. Kukata ni mimi, kushona ni wewe, alimwambia. Usije ukawatia watu vilema. Likawa neno la mzaha la nyumba, likatembea miaka ishirini na miwili, na wateja walilizoea. Sasa lilisimama katikati ya chumba, wala hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo hujui," alisema Fundi kwa sauti ya mtu anayejisomea mashtaka yake.

"Najua. Nimeutazama mkono wako miaka yote hiyo. Kukata ndiyo sijawahi."

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Kutoka pale chumba kilionekana kigeni. "Yale majoho," alisema polepole, "ungekuwa wewe, ungeyafanyaje?"

Ilichukua muda mkewe kuamini kwamba ameulizwa. Alimtazama kwanza kuona kama kuna hotuba inakuja nyuma ya swali. Haikuja.

"Ningeyafumua yote," alisema. "Ningetenga vipande vinavyopanda na vinavyoshuka. Halafu nishone upya, joho la kupanda liwe la kupanda tupu, la kushuka liwe la kushuka tupu. Sauti za kike zivae yale yanayong'aa, za kiume zivae mazito. Mtu ataona tumekusudia. Visivyolingana, vikatwe upya. Nililiwaza tangu siku niliyoyashona."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani?"

*

Jumatatu Fundi alikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti. Siku zote alikuwa akipitishwa mlango wa mbele, lakini sebuleni palikuwa na wageni wa maana, kwa hiyo msichana wa kazi akamzungusha nyuma, akamkalisha kwenye ngazi ya jikoni kati ya ndoo mbili. Alikaa hapo muda mrefu. Kuku alikuja akachunguza viatu vyake. Ndani watu walicheka, vikombe vikagongana, na mara moja alisikia habari yake mwenyewe ikisimuliwa, jinsi alivyolia Jumapili, na wageni wakasema loo. Kwa kawaida angejikohoza ili wajue yupo. Safari hii alijikunyata, akatamani sana kuku yule aondoke.

Mwenyekiti alipotoka alikuwa bado ana tabasamu la wageni. "Fundi, umefuata yale mapazia ya kushona?"

"Wapendwa," alianza Fundi kwa mazoea, akajikata. Alikuwa peke yake na mama mmoja na ndoo mbili. "Mama, nimekuja kuomba darasa la mke wangu."

"Yale ya Jumapili yametosha, mzee wangu. Tulishalia, tulishasamehe."

"Mlinisamehe mimi. Yeye hakuwa amekosa, na ndiye aliyenyang'anywa."

Tabasamu la wageni lilipungua. "Sasa unataka nirudi mbele ya kamati niseme nilikosea?"

"Hapana. Waambie nimekuomba mimi. Waambie nilikaa jikoni kwako nikakuomba."

Mwenyekiti aliondoa miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge chake. "Mwenyewe ameniambia hajawahi kukata."

"Hajawahi kwa sababu nilimnyima mkasi. Niliogopa." Alikuwa hajui kama aliogopa mpaka alipolisikia neno hilo. "Mpe Jumamosi moja, na majoho yale yale. Njoo ukae uone."

"Na akiyaharibu?"

"Yameshaharibika, mama. Hakuna anayeweza kuyaharibu kunishinda."

Mwenyekiti alicheka, kicheko kifupi cha puani. Akasema Jumamosi atakuja, na yule msichana wa cheti atangoja kwanza, lakini kwa sharti moja, Fundi asimwelekeze mkewe hata kidogo.

*

Ukumbi ulikuwa na mwanga mweupe wa asubuhi. Wasichana wanane walikuwa wameketi kwenye mikeka, majoho yamefumuliwa wiki nzima kwa nyembe na subira, vipande vimerundikwa katikati kama nguo za watu walioingia mtoni. Mwenyekiti alikaa karibu na ukuta, mkoba mapajani. Kitinda alikuwa amekuja kusaidia. Fundi alisimama mwisho wa meza, na watu hawakujua wamwambie akae wapi.

"Fumbeni macho," Mama Pindo aliwaambia wasichana wake. "Macho yanadanganywa na mwanga. Pitisheni kiganja."

Wakafumba. Viganja vikaanza kutembea juu ya mahameli, polepole, kila mmoja na kipande chake, na ukumbi ukanyamaza mpaka ukasikika ule mlio mdogo wa manyoya yakilala na kusimama. "Kinapanda," akasema mmoja. "Changu kinashuka." "Kinapanda." "Kinashuka." Fundi alijikuta naye amefumba macho. Kwa kitambo hakikuwa kitambaa tena. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anapumua chumba cha pili. Alipofumbua, marundo yalikuwa mawili, na Mwenyekiti alikuwa amevua miwani na kushika kipande kimoja mwenyewe.

Kisha ikaja kazi ya kukata. Mikono kadhaa haikulingana na vifua vyake, ikabidi ipunguzwe. Mama Pindo alitandika kipande cha kwanza, akakilainisha, akapima, akachora chaki, akapima tena. Akaushika mkasi. Fundi aliona chaki imekaa nyuzi mbili nje ya mahali ambapo angeiweka yeye. Ulimi ulimuwasha. Akaung'ata, akaweka viganja vyake viwili kwenye kingo za kitambaa ili kisiteleze, akanyamaza.

Mkasi ulikwenda. Kona ya kwanza ulisita, kisha ukapata njia yake. Mkono ulipowekwa kwenye kifua, ukakaa sawasawa, na zile nyuzi mbili ndizo zilizohitajika kwa mshono. Fundi asingezikumbuka.

Kufika adhuhuri ilijulikana kwamba majoho kumi na matatu yatatoka safi. La kumi na nne vipande vyake vilikataa kupatana, litabaki na mabaka. Wasichana walitazamana.

"Nitavaa mimi," alisema Kitinda. "Ni la baba."

Mwenyekiti alinyanyuka, akajinyoosha mgongo, akatoa daftari la mahudhurio mkobani na kuliweka mezani pembeni ya chaki. "Jumamosi ijayo mnaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu," alisema Mama Pindo. Alilivuta daftari karibu yake. "Saa tatu kamili. Anayechelewa anafagia."

Mwenyekiti akaaga, akaondoka. Kazi ikaendelea. Mama Pindo alitandika kipande kingine, na Fundi akakishika. Alikuwa amechoka, na jua lililoingia mlangoni lilimtia usingizi mzuri, na ndani ya usingizi ule alianza kuona kwamba kila kitu kimekaa mahali pake na kwamba yeye, kwa namna fulani, ndiye aliyekiweka.

"Fundi," alisema yule msichana wa mwisho kwenye orodha, mwenye mkono mzito. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ameshika uwembe na anafumua nyuzi zilizosalia huku anauliza. "Kwa nini ulivilaza mzungu wa nne?"

"Nilitaka yatoke kumi na manne wakati wenzangu wangetoa kumi na mawili."

Msichana aliitikia kwa kichwa, akaona ni jibu. Akafumua nyuzi tatu nne. "Na kwa nini ulisema ni yeye?"

Viganja vya wasichana vilisimama. Fundi alitafuta maneno yake. Yalikuwepo, yote, yale ya kioo na yale ya madhabahu, yamekunjwa vizuri. Hakuna lililomwenea msichana yule.

"Niliona aibu," alisema.

Akangoja. Alingoja mtu ashushe pumzi, au amwambie haya baba, yamekwisha, au hata mkono mmoja umguse bega. Msichana alirudi kwenye uzi wake. Mahali fulani nje mtu alikuwa anafagia.

"Sogeza mkono," alisema mkewe. "Nakata hapo."

Fundi akasogeza mkono.